Hewa ya Dodoma na Milima ya Pembetatu

Kosa langu la kwanza lilikuwa mbingu. Ilikuwa Agosti, saa nne asubuhi, nami nilikuwa nimeketi barazani nyuma ya nyumba tunayopanga upande wa Nkuhungu, upepo ukivuma kama unavyovuma Dodoma kila Agosti, yaani bila kupumzika wala kubisha hodi. Mbele yangu palikuwa na karatasi niliyoibana kwenye ubao kwa tepu, kopo la maji, na sahani nyeupe yenye rangi ya buluu niliyoikoroga kwa maji mengi. Nilitaka mbingu moja laini, iliyokolea juu na kufifia taratibu kuelekea upeo wa macho, kama nilivyoona kwenye video za watu wanaofundisha rangi za maji. Nikachovya brashi, nikaipitisha kutoka kushoto hadi kulia, nikarudi sahanini kuchukua rangi ya mstari wa pili, na nilipofika tena kwenye karatasi nikakuta mstari wa kwanza umekwisha kukauka. Nikaongeza mwendo. Wa pili nao ukakauka, na wa tatu, na kila nilipojaribu kulainisha maungio kwa brashi yenye maji nilikuwa ninazidisha alama badala ya kuzifuta. Baada ya dakika kumi mbingu yangu ilifanana na bati la migongo, na binti yangu, aliyekuwa akipita na ndoo, aliniuliza kwa nia njema kabisa kama ninachora paa.

Kazi inayonilisha ni kuchora ramani za viwanja. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia hapa kwa vitendo mwaka 2016, zaidi ya miaka 40 baada ya uamuzi wenyewe wa 1973, hakuna kilichozaa Dodoma kama viwanja. Mashamba ya mtama na mapori ya migunga yamegeuka kuwa vitalu, vitalu vimekatwa vipande, na kila kipande kina namba na bikoni zake kwenye kona. Mpima anarudi kutoka porini na vipimo vyake, mimi navigeuza kuwa mistari kwenye kompyuta, na kwa miaka 14 nimeitazama nchi hii kutoka juu, kama mwewe, nikiiona kuwa ni mistatili iliyopangana. Kwa hiyo nilipoziona kwa mara ya kwanza picha za mandhari zilizopunguzwa hadi kubaki maumbo machache, mlima ukiwa pembetatu, shamba likiwa pembenne lililolala, jua likiwa duara, na yote yamejazwa rangi nyepesi zinazoacha weupe wa karatasi uonekane kwa chini, nilijiambia kwamba hii ni kazi yangu ileile, ila ina rangi na haina mgogoro wa mipaka. Nilidhani kurahisisha ni jambo rahisi. Maneno hayo mawili yanafanana mno, na nadhani ndiyo yaliyoniponza.

Kabla ya kufika kwenye maumbo ilinibidi kwanza niadhibiwe na karatasi. Karatasi ya kawaida ya rimu, ile ya gramu 80 kwa mita ya mraba tunayochapishia barua, ikipata maji hujikunja na kupanda mabonde, na rangi yote hukimbilia mabondeni. Rangi za maji zinataka karatasi nzito. Kipimo ambacho wachoraji wengi hukitegemea ni gramu 300, na iliyo bora hutengenezwa kwa nyuzi za pamba na kutiwa gundi kidogo ili isiyanywe maji kwa pupa. Nilizunguka stesheneri za mjini bila kuiona, nikaiagiza kwenye duka moja la mtandaoni lililoapa kwamba ni pamba tupu. Kilichofika kwa basi kutoka Dar es Salaam, kikiwa kimefungwa kwa heshima zote, kilikuwa manila, manila ileile ambayo watoto wa shule za msingi huchorea ramani ya Afrika. Rangi ilizama ndani yake kama mvua ya kwanza kwenye mchanga, na nilipopitisha brashi mara ya pili uso wa karatasi ulianza kubanduka na kujiviringisha kama takataka za kifutio. Nilipopiga simu kulalamika niliambiwa kwamba karatasi ni karatasi. Bando la kweli nililipata miezi mitatu baadaye kwa ndugu aliyesafiri, na mpaka leo ninachora pande zote mbili za kila ukurasa kwa ubahili ambao sioni aibu nao.

Lakini hata kwenye karatasi nzuri mbingu iliendelea kuwa bati. Hapo ndipo nilipokwenda Kikuyu, hapahapa Dodoma, kumwona mwalimu mmoja mstaafu wa sanaa, mzee aliyefundisha vijana wengi wa mkoa huu kushika penseli, ambaye nitamwita Mwalimu tu kwa kuwa hapendi kutajwa. Nilimkuta uani akichambua mchicha.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Hebu tuione hiyo mbingu inayokukosesha usingizi."

Akaitazama muda mrefu kuliko ilivyostahili, akaigeuza juu chini, kisha akaniuliza watu walionifundisha kwenye simu wanaishi wapi. Nikamwambia wengi wako Uingereza, na mmoja yuko Japani.

"Basi kwao karatasi inabaki mbichi mpaka mtu anywe chai. Wewe uko Dodoma, mwezi wa nane. Unagombana na hewa, mwanangu, na hewa hii haijawahi kushindwa na mtu."

Alichonieleza baada ya hapo kilikuwa somo la fizikia kuliko la sanaa. Rangi ya maji ni unga laini wa rangi ulioshikizwa kwa gundi ya miti ya jamii ya migunga, ule utomvu mgumu wa rangi ya asali ambao bibi jirani yetu ananiambia walikuwa wakiutafuna utotoni walipokuwa wakichunga. Ukiipaka rangi hiyo kwenye karatasi, ukingo wake hukauka kabla ya katikati, na maji ya katikati hukimbilia ukingoni yakiwa yamebeba unga, ndiyo maana doa likikauka huacha mstari uliokolea pembeni, kama doa la chai kwenye kitambaa cha meza. Anayetaka mbingu laini hana budi kurudi na brashi yake wakati ukingo bado ni mbichi, ili rangi mpya iungane na ya zamani bila kuacha mshono. Sasa tazama hali yetu: mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, mvua hukatika kati ya Aprili na Mei na hairudi mpaka Novemba inapokwisha au Desemba inapoingia, na katikati ya miezi hiyo upepo hunyonya unyevu wa kila kitu, kuanzia nguo kwenye kamba hadi midomo ya watu. Ukingo mbichi hapa una uhai wa sekunde chache.

Zipo dawa, nami nilizijaribu zote. Nililowesha karatasi pande mbili, ikanisaidia kwa dakika mbili tatu hivi. Nilianza kuamka saa kumi na moja alfajiri kabla upepo haujaamka, jambo ambalo liliwashangaza majirani waliodhani nimeokoka. Nilitia matone ya gliserini kwenye maji, ile ya kupaka midomo wakati wa kipupwe, kwa kuwa huchelewesha kukauka. Nilizidisha, picha ikabaki inanata hadi kesho yake, na vumbi la mtaa mzima likaja kulala juu yake. Mwalimu alinisikiliza nikimsimulia habari hizi zote, akacheka, kisha akanipa kanuni moja ambayo ndiyo iliyonifanya niandike makala haya: punguza umbo mpaka lilingane na brashi. Usichore kitu kikubwa kuliko kile ambacho brashi moja iliyoshiba inaweza kukijaza kabla ukingo haujafa.

Nilirudi nyumbani nikapima, maana kupima ndiyo tabia yangu. Brashi yangu namba 10, ikishiba vizuri, mwezi Agosti na kivulini, inajaza eneo la ukubwa wa kiganja changu kisha inakwisha, na kufikia hapo pembe ya kwanza tayari imeanza kukauka. Mbingu ya karatasi ninayotumia inahitaji viganja sita. Basi badala ya kuchora mbingu moja nikachora vipande sita vya mbingu, kila kimoja kikiwa na pembe zake na ukolezi wake wa buluu, vikilala mshazari kama vipande vya kioo kilichopasuka na bado kiko kwenye fremu. Kila kipande kilikuwa laini ndani na kikali ukingoni. Kwa mara ya kwanza mbingu yangu haikuonekana kama kosa, na nilipoitazama kwa mbali niligundua kwamba inafanana zaidi na mwanga wa hapa kuliko ile laini ya kwenye video, kwa sababu mwanga wa Dodoma mchana haufifii taratibu popote: unakatwa kwa kisu palipo na kivuli na unaanza upya palipoisha kivuli.

Nilikuwa nimeamini kwamba mtindo wa maumbo ni uamuzi wa mchoraji anayekaa na kuamua kuurahisisha ulimwengu. Kwangu mimi haikuwa hivyo hata kidogo. Hewa ndiyo iliyoamua. Mimi niliacha tu kubishana nayo.

Baadaye nilipoanza kusoma habari za waliotangulia nilipata faraja ya kimyakimya. Mfaransa Paul Cézanne, aliyerudi mara nyingi kuuchora mlima mmoja karibu na mji wake wa Aix, alimwandikia mchoraji mwenzake mwaka 1904 kwamba maumbile yachukuliwe kwa umbo la mche wa duara, tufe na koni, na katika picha zake za rangi za maji aliacha sehemu kubwa za karatasi zikiwa tupu, viraka vya rangi vikielea juu yake bila kuogopa. Halafu yuko mchoraji Paul Klee, mzaliwa wa Uswisi, aliyekwenda Tunisia mwezi Aprili mwaka 1914 pamoja na marafiki zake August Macke na Louis Moilliet, akapita Tunis, Hammamet na Kairouan na sanduku lake la rangi za maji. Picha alizozichora huko zina nyumba, bustani na mbingu zilizogawanyika kuwa miraba iliyopangana bega kwa bega, na katika shajara yake aliandika kwamba hatimaye rangi imemteka na kwamba sasa yeye ni mchoraji. Vitabu husema ni mwanga wa Afrika Kaskazini uliomfanyia hivyo. Sina ubishi na mwanga, ila kila ninapoiona miraba ile midogo midogo, kila mmoja na ukingo wake mkavu, mimi fundi wa Nkuhungu nashuku kwamba hewa kavu nayo ilikuwa na mkono wake.

Niruhusiwe nieleze picha moja kwa kirefu, kwa kuwa hapo ndipo mambo haya yanapoonekana. Jumamosi moja ya Septemba nilipanda gari hadi Mpunguzi, kwenye barabara ya Iringa, kuchora shamba la zabibu. Zabibu Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, na mavuno ya kiangazi yalikuwa yakielekea ukingoni. Mizabibu ilikuwa imepanda kwenye nyaya zake kwa mistari mirefu iliyonyooka kutoka miguuni pangu hadi chini ya kilima cha mawe, na kati ya mstari na mstari palikuwa na udongo mwekundu uliopigwa jembe. Nilitoa penseli na, kama Mwalimu alivyonifundisha, sikuigusa karatasi nzuri. Nilichora kwanza kwenye daftari, kwenye visanduku vya ukubwa wa kiberiti, kwa kuwa kwenye kiberiti hakuna nafasi ya upuuzi. Kisanduku cha kwanza kilikuwa na maumbo 23. Nilikuwa nimeweka nguzo za umeme, kibanda cha pampu, mbuzi watano na mama mmoja aliyebeba beseni. Cha pili kilikuwa na 15. Kwenye cha nne nilibaki na tisa: vipande vitatu vya mbingu, kilima kilichogawanyika kuwa pembetatu ya mwanga na pembetatu ya kivuli, na chini yake kabari nne ndefu zinazokutana kwa mbali, mbili za majani na mbili za udongo. Mbuzi niliwaondoa kwa shingo upande, na hadi leo nawakumbuka.

Kisha unakuja mpangilio wa kupaka, ambao kwenye rangi za maji hauna msamaha. Hakuna rangi nyeupe ya kufunika kosa. Weupe wote ni karatasi yenyewe, kwa hiyo unaanza na kilicho chepesi na kuelekea kwenye kilichokolea, na penye mwanga mkali kabisa hupaki chochote. Maji yakimwagika hayazoleki, na sijui kazi nyingine inayoitii methali hiyo neno kwa neno kama hii. Halafu kuna suala la majirani: maumbo mawili mabichi yakigusana rangi zitavuka mpaka, ardhi nyekundu itaingia kwenye majani na utapata tope. Kwa hiyo unaruka. Nilipaka kipande cha mbingu cha kushoto, nikaenda kwenye kabari ya udongo ya kulia chini, nikarudi juu kwenye pembetatu ya mwanga, kama mtu anayepanda mahindi akiruka mashimo. Na palipokuwa lazima nipake jirani kabla mwenzake hajakauka niliacha kati yao uzi mwembamba wa karatasi tupu, upana wa unyoya wa kuku. Nyuzi hizo nyeupe nilizianza kama tahadhari tu, lakini picha ilipokamilika zilikuwa zikimeta kati ya maumbo kama vile mwanga unapenya kwenye nyufa, na sasa ninaziacha hata pale ambapo hazihitajiki.

Kilima kikaniadhibu. Pembetatu ya kivuli niliijaza kwa mchanganyiko mzito wa hudhurungi na buluu, ikakaa vizuri, ikaanza kupoteza mng'ao wake, na hapo ndipo nilipoona pembe moja imepungua rangi. Mtu mwenye akili angesubiri. Mimi nilichovya brashi nikaigusa pembe ile, brashi ikiwa na maji mengi kuliko karatasi, na maji yale yakaisukuma rangi iliyokuwa imeanza kutulia mpaka ikafanya ua lenye kingo za mikunjo, kama koliflawa, katikati ya kilima cha mawe. Kosa hili kila anayejifunza rangi za maji hulifanya, na sababu yake ni hiyohiyo: maji daima hutoka penye maji mengi kwenda penye maji machache. Nikajifariji kwamba mawe ya Dodoma nayo yana mabaka. Mwenye shamba alikuja kutazama akiwa na mkasi wa kuvunia mkononi, akasifu kilima, kisha akauliza mbona zabibu hazina zabibu.

Zipo siku ambazo maumbo yote yako mahali pake na picha bado ni maiti. Kwa muda mrefu sikujua kwa nini, na aliyenionyesha hajawahi kushika brashi. Ni yule bibi jirani niliyemtaja, Mgogo aliyezaliwa upande wa Handali, anayeuza ubuyu na karanga mbele ya geti letu. Nilikuwa nimechora tembe, nyumba ya asili ya Wagogo, kwa kuwa niliona hakuna jengo duniani lililokwisha kurahisishwa kama hilo: ni mstatili mrefu na mfupi kwa kimo, paa bapa la udongo, mlango mmoja mweusi, ua wa ng'ombe katikati. Nilikuwa na fahari nalo.

"Mbukwa, bibi."

"Mbukwa, mwanangu. Hili godauni la nani?"

"Ni tembe, bibi."

Alicheka mpaka akashika nguzo ya baraza. Kisha akaniomba penseli, jambo ambalo sikulitegemea, na kwa mkono uliokuwa ukitetemeka kidogo akapitisha mstari juu ya paa langu, mstari uliobonyea katikati kama mgongo wa punda aliyezeeka. Akaniambia kwamba udongo wa juu ni mzito, na miti inayoubeba huchoka mwaka hadi mwaka, na kwamba nguzo hazilingani kwa sababu mti hukatwa jinsi ulivyo na si jinsi mtu anavyotaka. "Wewe umeninyooshea nyumba ya mama yangu," akasema, na hakuwa anacheka tena.

Nilikuwa nimetumia rula. Nilikuwa ninatumia rula kwa kila kitu bila hata kufikiri, kwa sababu kazini mstari usionyooka unaweza kuwapeleka majirani wawili barazani kwa miaka saba. Lakini picha haina hati wala baraza la ardhi. Mstari wa rula hauna uzito, hauonyeshi palipobeba mzigo na pasipobeba, na umbo linalozungukwa na mistari ya namna hiyo huwa kama karatasi iliyobandikwa juu ya karatasi. Niliitupa rula nikalichora tena tembe kwa mkono, mstatili uleule, mlango uleule, ila paa likabonyea kwa upana wa punje ya mtama na ukuta wa kushoto ukaegemea kidogo sana. Lilikuwa bado ni mstatili. Mtu yeyote angeliita mstatili. Ila lilikuwa na umri.

Kuhusu rangi zenyewe sina mengi, kwa kuwa ninatumia tatu tu. Ya kwanza ni manjano ya udongo. Ya pili ni hudhurungi ya kuchomwa inayobeba jina la mji wa Siena kule Italia, ambayo kwa asili ni udongo wenye chuma uliochomwa moto mpaka ukaiva na kuwa mwekundu. Ya tatu ni buluu ya altramarini, ambayo zamani ilisagwa kutoka kwenye jiwe la thamani lililochimbwa Afghanistan na tangu karne ya 19 hutengenezwa kiwandani. Hudhurungi na buluu zikichanganywa hutoa kijivu cha kila aina, chenye joto au chenye baridi kutegemea ipi imezidi, na hicho ndicho kijivu cha majabali yetu. Manjano na buluu hutoa kijani kilichochoka, chenye vumbi, ambacho mwalimu wa kwenye video angekiita kichafu na ambacho kwa jani la mzabibu la mwezi Septemba ni sahihi kabisa. Udongo wetu ni mwekundu kwa sababu ileile ya chuma, kwa hiyo mara nyingi najisikia kana kwamba ninauchora udongo kwa udongo.

Wazo hilo lilinirudia kwa nguvu tulipokwenda Kolo, wilayani Kondoa, kuona michoro ya miambani ambayo UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006, na ambayo mwanaakiolojia Mary Leakey alikwenda kuinakili mwaka 1951. Watoto walitaka kujua ni nani aliyechora. Mimi nilisimama nikihesabu vilivyoachwa. Watu wembamba wa rangi nyekundu, warefu kupita kiasi, miili yao ikiwa ni mistari michache inayokwenda sambamba, vichwa vikiwa duara. Twiga aliyetambulika kwa shingo na mgongo tu. Kwenye kuta nilizoziona hapakuwa na nyasi, hapakuwa na mbingu, hapakuwa na upeo wa macho, na hakuna nilichokikosa. Mtu yule alipaka juu ya mwamba mkavu, kwa udongo wa chuma, katika hewa kama hii yetu. Nadhani naye alijua umbo liwe na ukubwa gani.

Januari iliyofuata mvua ilinyesha siku nne mfululizo, jambo la neema na la tope, na karatasi yangu kwa mara ya kwanza ilibaki mbichi. Nilitia buluu juu, nikashuka nayo mstari kwa mstari bila haraka, kila ukingo ukiwa unanisubiri, na mbingu ikatoka laini kutoka juu hadi chini bila mshono hata mmoja, ileile niliyoitamani mwaka mmoja na nusu kabla. Niliiweka juu ya kabati nikaitazama wakati wa chakula cha jioni. Ilikuwa safi. Ilikuwa pia mbingu ya watu wengine, na asubuhi yake niligeuza ukurasa nikachora upande wa pili, vipande vipande, ingawa hewa ilikuwa imeniruhusu kufanya vinginevyo.

Kitu ambacho bado sijakiweza ni mbuyu. Milima inakubali pembetatu, mashamba yanakubali kabari, hata ng'ombe kwa mbali anakubali kuwa mstatili wenye pembe, lakini mbuyu unakataa kila umbo ninaloupa. Nimeuchora kama mche wa duara, ukawa tangi la maji. Nimeuchora kama trapeza, ukawa ndoo iliyopinduliwa. Tatizo ni matawi ya kiangazi, yale yasiyo na jani hata moja, ambayo ukiyachora yote yanakuwa nywele na ukiyaacha yote unabaki na kisiki. Nilimuuliza Mwalimu, akasema mbuyu umewashinda wengi, nisijione wa pekee. Nilimuuliza bibi, naye akaniambia nianze na kivuli, kwa kuwa wao walipokuwa wadogo ndicho walichokuwa wakikitafuta, mti wenyewe hakuna aliyeutazama.

Basi Jumapili iliyopita nilikwenda na kigoda changu nje kidogo ya mji, kwenye njia ya Hombolo, nikakaa mbele ya mbuyu mmoja saa tatu asubuhi na kuuchora kivuli kwanza, umbo moja refu la kijivu chenye ubaridi likilala juu ya udongo mwekundu, kisha nikapaka udongo wa pande zote mbili, kisha vipande vitano vya mbingu kuuzunguka mti, nikiacha uzi mweupe kila mahali. Nilipofika kwenye mbuyu wenyewe brashi ilikuwa imeshiba na ukingo ulikuwa tayari, nikasita, kwa sababu ulikuwa umekwisha kusimama pale, mweupe, umechorwa na kila kilichouzunguka, matawi mawili makuu na mwanya kati yake. Sikuugusa. Nilisubiri ikauke, haikuchukua muda, nikarudi nayo mjini nikiwa nimeibana kifuani kwenye bodaboda.

Bibi aliishika kwa mikono miwili, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu. Akakitambua kivuli mara moja, akakisifu, akaniambia hata saa ilikuwa saa ngapi. Kisha akaigonga sehemu nyeupe ya katikati kwa ukucha wake.

"Na hapa," akasema, "bado hujamaliza."